Kasanga: kijiji kidogo, historia ndefu

Kutoka Sumbawanga mjini hadi bandari ya Kasanga ni kilomita 112, kupitia Matai. Barabara inaliacha baridi la Ufipa na kushuka hadi kwenye joto la Ziwa Tanganyika. Watoto wakifika wanaona mitumbwi, dagaa walioanikwa na meli ikiwepo, kisha wanauliza: "Ni hapa tu?"

Si hapa tu. Wajerumani walijenga boma hapa wakapaita Bismarckburg, na magofu yake bado yapo. Jirani, Mto Kalambo unaporomoka zaidi ya mita 220 mpakani mwa Tanzania na Zambia. Juu kidogo ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa, moja likiwa limepachikwa juu ya jingine. Mwaka 2023 walitangaza kuwa yana umri wa miaka 476,000 hivi. Ndiyo kazi ya kale zaidi ya ujenzi wa mbao inayojulikana duniani.

Mtoto wa Rukwa anayekariri mwaka wa Mkutano wa Berlin anastahili kuyajua na haya ya nyumbani. Mzazi amsimulie njiani. Na wakifika ukingoni mwa maporomoko, amshike mkono.