Lugha ya Kukataliwa Mlangoni

Aghalabu mtu abishaye hodi akanyimwa ruhusa ya kuingia huweza kuuliza sababu. Skripti ya kuunda programu haina uwezo huo. Saa nane usiku tarakilishi huiamrisha ikachote msimbo ghalani na kuufanya programu kamili, ilhali mtunzi wake amelala. Ikikosa kitambulisho sahihi, hukatika na kuacha sentensi moja: "Uthibitishaji umeshindikana." Kulipokucha, huo ndio ushahidi wote alio nao mtunzi.

Mwanafunzi wa sarufi ataitambua kasoro papo hapo. Kauli ya kutendeka humficha mtenda. Je, nywila imekosewa? Tokeni imepitwa na muda? Au hakuna chochote kilichotumwa? Utata huu una mizizi katika itifaki yenyewe. Namba 401 ya HTTP imepewa jina la Kiingereza lenye maana ya kukosa idhini, kumbe inamhusu mwombaji ambaye bado hajatambuliwa. Aliyetambuliwa akanyimwa idhini hupewa 403.

Ujumbe wa kufaa upo. Tarehe 13 Agosti 2021, GitHub iliacha kupokea nywila za akaunti kwa shughuli za Git, na skripti zilizozitegemea zikakwama. Hata hivyo, jibu lake lilitaja tarehe, likaeleza kilichoondolewa na kumwelekeza mtumiaji kwenye tokeni ya binafsi. Usumbufu ulikuwapo, fumbo halikuwapo.

Katika GitHub hiyo hiyo, aombaye ghala la faragha bila idhini huweza kujibiwa 404, yaani halipo. Uongo huu una busara yake, kwani mwizi hastahili kujua iliko hazina. Lakini mwenye mali ambaye tokeni yake imepungukiwa na ruhusa naye huambiwa vivyo hivyo, akashinda akikagua tahajia ya anwani.

Hapo ndipo skripti inapopaswa kunena, maadamu inajua mengi yaliyofichwa na seva: ghala lililoombwa, kigeu kilichosomwa tokeni, na iwapo kigeu hicho kilikuwa kitupu. Iyataje hayo bayana, ila tokeni yenyewe isiichapishe, kwa kuwa kumbukumbu za uundaji husomwa na wengi. Wala isingoje. Git huweza kukaa ikisubiri nywila kutoka kwa mtu asiyekuwapo. Tangu toleo la 2.3 la mwaka 2015, kigeu GIT_TERMINAL_PROMPT kikipewa 0, husita kuuliza na kutangaza mara moja kwamba imekosa jina la mtumiaji.