Antivairasi za kuvusha Ruvuma

Zama zile mtu wa Namoto, upande wa Msumbiji wa mto Ruvuma, akihitaji picha za pasipoti, nakala ya kitambulisho au barua ya Kireno iliyochapwa, alikwenda kwa mjomba wangu. Duka lilikuwa chumba kimoja, jenereta nje, printa na kompyuta mbili ndani. Wateja walikuwa watu wa mpakani: wachuuzi waliovuka kutoka Kilambo upande wa Tanzania, wavuvi, wenye ndugu Mtwara, na vijana waliokuwa wakipeleka maombi ya kazi Palma tangu gesi ya bonde la Ruvuma ilipogunduliwa mwaka 2010. Kila mmoja alikuja na flashi yake, na flashi nyingi zilikuja na virusi.

Virusi vya siku hizo tulivijua kwa macho. Folda zinafichwa, mahali pake panakaa shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya, umeviamsha. Kila fundi aliyepita dukani aliacha antivairasi yake, ya bure au ya kunakili, na leseni ikiisha hakuna wa kuihuisha. Nilipoikagua mashine ya Windows nilikuta tatu, zote zikigombea kusoma kila faili linalofunguliwa. Mteja alipigwa picha, akaenda sokoni, akarudi, mashine bado inawaka.

Mimi wakati huo nilikuwa najifunza ufundi Mtwara, na nilikuwa nimeipenda Ubuntu 12.04, toleo la Linux la Aprili 2012 lililoahidiwa masahihisho ya usalama kwa miaka mitano. Nikamshauri mjomba mashine ya pili tuiwekee hiyo, kisha kila flashi ipite pale kwanza. Linux haijali ile alama ya Windows ya kuficha folda, kwa hiyo kilichofichwa kinaonekana wazi. Virusi vya Windows havifanyi kazi humo, lakini vinaweza kupita tu na kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana tulihitaji antivairasi ya ClamAV ya kuvikamata.

Kazi ilikuwa kuifikisha. Amri ya `apt-get install` inataka intaneti, na bando la mpakani halikutosha. Basi nikaishusha Mtwara kwa `sudo apt-get install --download-only clamav`. Vifurushi vinatua kwenye `/var/cache/apt/archives`, unavinakili, unavuka navyo mto. Hapo kuna mtego: amri hiyo inashusha tu kile ambacho mashine yako haina. Kama yako ina maktaba fulani tayari, haitashushwa, na ukifika ng'ambo `dpkg`, programu ya kuweka vifurushi, itakwambia kuna kitu kimepungua. Kwa hiyo nilishushia kwenye mashine iliyotoka kuwekewa Ubuntu ile ile, bado haijaongezwa kitu, na nikahakikisha majina ya faili yanaishia na `_i386.deb` au `_all.deb`, maana ya mjomba ilikuwa ya biti 32. Orodha za virusi, `main.cvd` na `daily.cvd`, nilizibeba kando. Mahali pake ni `/var/lib/clamav`.

Dukani nikaandika `sudo dpkg -i *.deb`, mashine ikataka nenosiri. Mjomba akaketi kuliandika mwenyewe.

"Mbona haiandiki?"

"Inaandika, mjomba, ila haioneshi. Endelea tu."

"Na nitajuaje kama inakamata kweli?"

Swali la haki. Kuna jaribio la EICAR: mstari wa herufi na alama 68 usio na madhara yoyote, ambao watengenezaji wa antivairasi wamekubaliana wautambue kana kwamba ni kirusi. Nikauandika kwenye faili, nikaendesha `clamscan`, neno FOUND likatokea mwishoni mwa mstari wenye jina la faili. Mjomba akaniomba nirudie, wateja waliokuwa wakisubiri nao waone.

Kuweka kuliisha mchana ule ule. Kuondoa ndiko kulikotutoa jasho. Kwenye Windows niliandika `wmic product get name` nikapata orodha, kisha tukaziondoa moja moja, kila moja ikifuatiwa na kuzima na kuwasha. Moja ilidai nenosiri lililowekwa na fundi ambaye hakuna aliyejua yuko wapi. Ile ilibidi ingoje nirudi Mtwara kushusha kifaa maalumu cha mtengenezaji, kinachoendeshwa katika hali salama ya Windows.

Hata Ubuntu haikukosa ya kwake. Nilikuwa nimeongeza `clamav-daemon`, ambayo inapakia orodha nzima ya virusi kwenye RAM na kukaa nayo, na mashine ile ikaelemewa. Nikaiondoa kwa `apt-get remove`. Lakini `dpkg -l` ikaonesha herufi `rc` pembeni: programu imetoka, mipangilio yake imebaki. `purge` ndiyo inayofuta vyote viwili.

Mjomba aliposikia hayo alitoa daftari la madeni, akapiga mstari katikati ya ukurasa wa nyuma: kushoto kilichowekwa, kulia kilichoondolewa, na jina la fundi. Tangu siku hiyo asiyeandika hakugusa mashine zake.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifika Palma Machi 24, 2021, na watu wengi wakakimbilia mpakani. Duka halikufunguliwa tena. Mimi leo natunza kompyuta za ofisi Mtwara, intaneti ipo, vifurushi vinashuka kwa dakika, na sheria ya mjomba bado naishikilia. Mafundi wapya huiona usumbufu, mpaka siku watakapotakiwa kuondoa kitu kilichowekwa na mtu ambaye hawajapata kumwona.