Nilivyogeuka Jaji wa Kahawa

Nataka kuwa mwandishi wa riwaya. Tangu nimalize kidato cha nne nimeanza riwaya mbili, na zote mbili zimekwama mahali pamoja: pale mhusika mkuu anapoingia kwenye mkahawa wa maana mjini. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuingia. Nilikuwa namkalisha kijana wa watu mezani, namwagizia kahawa, halafu nakosa la kumfanyia. Basi mwaka jana, mwezi Juni, nikasema liwalo na liwe. Nikanunua daftari, nikalichora mistari kama la mwalimu: mahali, bei, ladha, huduma, maksi. Nikaamua kuizunguka Dar es Salaam nikiihukumu kikombe kwa kikombe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliandika daftarini. Wiki ile ile baba mdogo alinipigia simu kutoka Kilema, Kilimanjaro, ndiko kwetu. Alisema mibuni ya kihambani imezeeka, chulebuni inaimaliza, bei haieleweki, na majirani wanapanda maparachichi. Alitaka aing'oe yote. "Baba yako hayupo, wewe ndiye unasimama badala yake. Nipe neno lako." Nikamwambia nipe muda nifikiri. Ukweli, ndugu msomaji, nilikuwa karibu kumwambia ang'oe tu. Kahawa ile ndiyo iliyonilipia ada, lakini mimi nilichokikumbuka ni baridi ya alfajiri na vidole vinavyonata. Tena nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akiinywa. Sisi tulikunywa chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa ya kuuza.

Nilianzia ninapopajua, kijiweni Kariakoo, ili nipate kipimo. Mzee na birika lake juu ya makaa, vikombe vidogo vya kauri anavigonganisha mkononi, kashata za karanga kwenye sahani. Kahawa chungu, tangawizi imo. Simba na Yanga wanagombewa pembeni, mtu wa drafti anapiga kete kwa hasira. Shilingi mia mbili. Nikaandika: ladha, inaamsha. Maksi 7 kwa 10.

Siku ya pili nikavaa shati la kwendea kanisani nikaelekea Masaki. Jamani, kule kuna kiyoyozi mpaka unatamani sweta. Menyu niliisoma juu mpaka chini kama mtu asomaye hati ya mahakama, nikaishia kutaja neno pekee nililoweza kulitamka: kapuchino. Shilingi elfu sita. Ilikuja na jani limechorwa juu ya povu, zuri hata nikaona haya kulivuruga. Nikampa mwenye mkahawa 9 kwa 10. Kabla sijaondoka nikamwuliza mhudumu, "Dada, kahawa hii ya wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Ya mashine, kaka."

Usiku nilipolisoma daftari nikajicheka. Zile tisa nilikuwa nimekipa kiti na kiyoyozi. Kuhusu kahawa yenyewe sikuwa nimeandika hata neno moja. Nikaichora safu mpya daftarini: Imetoka wapi? Kuanzia hapo nikawa nauliza kila mahali kabla sijakaa.

Wa tatu ulikuwa Posta, karibu na Mtaa wa Samora. Kahawa ilikuwa vuguvugu na ina ladha ya kitu kilichoungua. Nikauliza swali langu. Kijana wa kaunta akajibu kwa fahari, "Hii inatoka Italia!" akanionyesha na pakiti. Sikubishana naye, ila moyo uliniuma. Italia wanakaanga vizuri sana, lakini kahawa wananunua kwa wenye mashamba, kina sisi. Kilema kwetu wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa mwaka 1898. Mababu zetu walipoona walowezi hawataki Mwafrika aipande, waliunda chama chao cha wakulima, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika. Watu waligombania haki ya kupanda mti ule, na mimi mjukuu wao nimeombwa neno moja tu kwa simu ili ung'olewe. Nikatoa maksi 3, nikatoka.

Wa nne ulikuwa Mikocheni, kijumba kidogo, meza nne. Kijana aliyekuwa akitengeneza kahawa alipima gramu 18 kwenye mizani, akasaga, akaminya, akaitazama saa yake: nusu dakika hivi, basi. Nilipouliza imetoka wapi, uso wake ukang'aa. "Kilimanjaro. Arabika, ya kuoshwa. Utasikia uchachu kama wa limau. Sio ubaya huo." Akanieleza kuwa waonjaji wenyewe huimwagia maji ya moto kikombeni, wakaivuta kwa kijiko kwa kelele, kisha wakatoa maksi kwa 100, na inayofika 80 ndiyo huitwa kahawa maalumu. Kumbe daftari langu halikuwa wazo jipya.

Nikaonja. Kweli, uchachu, halafu utamu kwa mbali. Nikamwambia, "Hii ya kwetu."

"Kwenu? Mnalima? Hebu nieleze, mnaifanyaje?"

Nikamweleza. Unachuma nyekundu tupu, unaimenya siku hiyo hiyo, unailoweka mpaka ule utelezi uachie, unaiosha, unaianika kwenye kichanja na kuigeuza-geuza. Akatoa simu anaandika! Mtu yule anaijua kahawa kuliko watu wote niliokutana nao, lakini shamba la kahawa hajalikanyaga. Na mimi nililolikanyaga miaka yote ndiyo kwanza nilikuwa naionja.

Nikapiga hesabu nyuma ya daftari. Gramu 18 kwa kikombe, kilo moja iliyokaangwa inatoa vikombe 55. Kilo hiyo imetokana na kama kilo moja na nusu ya kahawa yenye maganda, ile anayopeleka bibi kwenye chama cha msingi. Msimu uliopita alilipwa kama shilingi elfu sita kwa kilo. Yaani kilo ya bibi kwa kapuchino moja ya Masaki. Najua kuna kodi ya pango, umeme, mashine, mishahara. Lakini hata ukiyatoa hayo yote, hesabu ile inamkaba mtu.

Nikanunua robo kilo pale Mikocheni, nikapanda basi kwenda nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda."

Sikuwahi kuisaga. Bibi alizimwaga mbegu kwenye ungo, akazipitisha vidole. Akatoa moja, akatoa nyingine. "Hii imetobolewa na mdudu. Hizi nyeupe-nyeupe zilichumwa mbichi. Huyu aliyewauzia ana haraka." Alitoa kumi na moja. Kijana wa Mikocheni na mizani yake hakuziona. Kisha nikaichuja kwa kitambaa, nikampa. Akanywa, akakunja uso.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, bibi."

"Chungu." Akanywa tena. "Lakini inanukia."

Ndipo baba mdogo akalileta lile neno la kung'oa. Bibi akaweka kikombe chini. "Nani kaniuliza mimi?" Baba mdogo akatazama miguu yake, na mimi nikatazama yangu. Kwa wiki zote zile nilikuwa nauliza mikahawa kahawa imetoka wapi, na yeye inakotoka sikuwa nimempigia hata simu.

Aliamua mwenyewe. Upande wa juu, iliyozeeka, ing'olewe, wajaribu parachichi na miche mipya ya kahawa kutoka Lyamungu. Upande wa mfereji isiguswe. Kisha akanigeukia: "Na wewe mwezi wa tisa uje kuchuma. Usije na daftari."

Nilikwenda. Vidole vilinata vile vile.

Riwaya bado haijaisha. Ila mhusika wangu nimemtoa pale mezani, nimemfunga kikapu kiunoni, na tangu siku hiyo ana la kufanya.