Picha Zisizosema

Sinema za kwanza hazikuwa na sauti. Vinywa vya watu vilionekana vikicheza, na maneno yakaandikwa penye pazia ili mtazamaji ayasome. Katika siku hizo alikuja Kenya mwanamke wa Marekani, Osa Johnson, pamoja na mumewe Martin. Toka mwaka 1924 walikaa mlimani Marsabit, wakipiga picha za ndovu na wanyama wengine. Martin aliposhika kamera, Osa alisimama karibu na bunduki amlinde. Sinema yao, *Simba*, ilitoka mwaka 1928.

Osa alikuwa shujaa, wala simnyimi sifa yake. Lakini naona uchungu nikifikiri kwamba Waafrika walioonekana humo hawakusema neno. Yote yaliyosomwa juu yao waliyatunga wageni. Picha ni ya kweli, lakini kweli isiyo na kinywa ni nusu tu.

Hapa kwetu Nyansiongo, mama achumaye chai anayo hadithi ya maisha yake, naye anajua kuisimulia. Ewe kijana usomaye, mwulize, umsikilize mpaka mwisho, kisha uiandike kwa maneno yake mwenyewe.