Mchanga wa Mpiji, Kokoto za Lugoba

Kazi ya ujenzi niliianzia kwenye chokaa, nikiwa saidia fundi wa mzee mmoja aliyekarabati nyumba kongwe za Mtaa wa India, Bagamoyo. Matumbawe yalichomwa juu ya kuni, yakazimwa kwa maji, kisha chokaa ikalazwa shimoni hadi ilainike kama siagi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vyumba vya zamani ni vyembamba: upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Mwenye nyumba mmoja akataka tupige plasta ya sementi ili kazi iishe upesi. Mzee akamwambia, "Bwana, ukuta huu unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje. Ukiuziba, chumvi itakula mawe kwa ndani."

Maneno hayo yamenilisha mpaka leo.

Barabara ya Bagamoyo ilipotiwa lami, nyumba zilifuata: Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Kiromo. Nikawa mwashi, halafu foromani wa mkandarasi mmoja. Tulikuwa na jengo la ghorofa jirani na bahari, na siku ya kumwaga jamvi lori likashusha mchanga wa ufukweni. Niliujua kwa ulimi. Chumvi ikiingia kwenye zege, nondo hupata kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani wakati mkandarasi ameshalipwa na kuondoka. Nikamwambia bosi sikorogi. Akanijibu kwamba mchanga wa Mto Mpiji uko mbali na mafuta ni ghali. Jioni ile nikakusanya mwiko, timazi na pima maji yangu, nikaondoka.

Nilisajili kampuni BRELA, kisha nikaomba kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Ngazi za chini zina ugumu wake: bodi hutaka mtaalamu wa kiufundi anayetambulika, nami nilikuwa na mikono tu. Nikaingia ubia na fundi sanifu, kijana wa Zinga, tukapewa daraja la saba. Mashine ya zege tulikodi. Mteja hulipa anapoona kazi, lakini mafundi hula kila Jumamosi. Pengo hilo ndilo linaloua kampuni changa zaidi kuliko ukosefu wa zabuni. Kwetu lilizibwa na shamba la mnazi la mama yangu, aliyeliuza bila kuniambia. Sijapata deni zito kuliko hilo.

Bado nabishana na wateja kuhusu biskuti, vile vipande vidogo vya kuegemeza nondo kabla ya kumwaga zege. Karibu na bahari naziweka za milimita 50, ili nondo zikae mbali na uso wa zege. Mteja huona naongeza gharama bure. Mchanga nachukua Mpiji, kokoto Lugoba. Vijana wanaotoka VETA nawataka waonje mchanga wa kila lori kabla halijashusha, na wakihisi chumvi wana ruhusa ya kulirudisha bila kunipigia simu.