Je, Yafaa Mtumishi Alazimishwe Kustaafu Akitimiza Miaka 60?

Wako watu wanaodhani ya kuwa umri wa kuacha kazi uliwekwa tangu kale na hauwezi kuguswa. Sivyo hata kidogo. Huko Ujerumani, sheria ya malipo ya uzeeni ilipotungwa mwaka wa 1889 chini ya Bismarck, umri uliotajwa ulikuwa miaka 70, na mwaka wa 1916 ukashushwa kuwa 65. Hapa kwetu Kenya mtumishi wa Serikali alilazimika kustaafu akiwa na miaka 55, mpaka mwaka wa 2009 umri huo ulipoongezwa ukawa 60. Mtumishi mwenye ulemavu hungojewa mpaka 65, na jaji, kwa Katiba ya 2010, huacha kiti chake akiwa na 70. Ama Rais, uzee wake haukuwekewa mpaka wo wote. Marehemu Mwai Kibaki alipotoka Ikulu mwaka wa 2013 alikuwa na miaka 81. Lau angalikuwa karani kama mimi, angalipelekwa nyumbani mwaka wa 1986.

Mimi ni karani wa majalada ya watumishi, nami sijafika miaka 40. Kwa hiyo msomaji aweza kunishuku kwamba nataka wazee waondoke ili nipate cheo. Neno hilo hasa ndilo linalosemwa na vijana wengi. Ndugu yangu mdogo alimaliza chuo miaka minne iliyopita na bado anatembea na bahasha ya vyeti, kila tunapokutana husema, "Kaka, hao wazee watatoka lini?" Namwelewa, lakini sikubaliani naye. Mwaka jana watumishi wawili walistaafu katika idara yetu. Viti vyao vimebaki vitupu hata leo, na kazi yao tumegawiwa sisi tuliobaki. Mzee akiondoka, nafasi haimwendei kijana hivi hivi. Sharti ziwepo fedha za kumwajiri, na aghalabu fedha hizo hupunguzwa kabla ya wino wa barua kukauka.

Hata hivyo napenda umri huu wa lazima ubaki, na sababu yangu ni nyingine.

Marekani iliufuta umri wa lazima kwa kazi nyingi mwaka wa 1986, na Uingereza ikafuata mwaka wa 2011. Huko mwajiri akitaka kumwondoa mzee hawezi kusema "umri wako umetimia" tu. Hana budi kuonyesha sababu nyingine iliyo halali, mathalan kwamba mtu huyo hawezi kazi tena. Jambo hilo laonekana kuwa la haki, na kwa watu wa huko huenda likawa la haki kweli. Lakini hebu tulilete katika ofisi zetu. Nani atamwambia mzee uso kwa uso kwamba macho yake yamechoka na hesabu zake zimeanza kupotoka? Ni mkubwa mwenye miaka 42, aliyefundishwa kazi na mzee huyo huyo? Kwetu maneno kama hayo hayasemwi kwa mtu mzima. Basi hayatasemwa, au yatasemwa kwa yule asiye na mtu wa kumtetea, na mwenye ndugu juu ataendelea kusinzia mezani. Tarehe haina kabila, wala haina mjomba. Humtoa mwenye nguvu pamoja na dhaifu, na hakuna anayeaibishwa.

Kwa sababu hiyo sipendi mtindo wa mtu kutoka mlangoni akiwa na miaka 60 na kurudi dirishani kwa mkataba. Kwa daktari wa upasuaji mwenye ujuzi usiopatikana, sawa. Lakini kwa kazi ambayo watu kumi chini yake waweza kuifanya, tarehe imekwisha kupoteza faida yake.

Tarehe yenyewe nayo ina vituko. Wengi wanaostaafu siku hizi walizaliwa vijijini, nyumbani, bila ye yote kuandika cho chote. Mama alikumbuka mvua au njaa, padre akaandika mwaka wa ubatizo, na mwalimu akaandika mwaka uliomfaa mtoto kuingia darasa la kwanza. Nimeshika jalada lenye miaka mitatu mbalimbali ya kuzaliwa kwa mtu mmoja. Kanuni ni kwamba hufuatwa ile aliyoiandika mwenyewe siku alipoajiriwa. Mzee mmoja alikuwa ameongeza miaka miwili ujanani ili apate kitambulisho upesi na kuanza kazi. Barua ilipomfikia alikuja mezani kwangu akaniuliza, "Mwanangu, hivi jalada hili ndilo lililonizaa?" Nilimwonyesha sahihi yake. Akaitazama kitambo, akacheka, akaenda zake.

Wakulima watakaosoma haya watasema kwamba wao hawaandikiwi barua na mtu. Ni kweli. Baba yangu ana miaka 74 na jua humkuta kati ya mibuni yake. Nikimweleza habari za miaka 60 huniona kama mtu anayesimulia mambo ya nchi ya mbali. Lakini hati ya shamba imo sandukuni mwake, na kaka yangu mwenye miaka 46, mwenye watoto watano, huomba ruhusa kabla ya kung'oa mbuni mmoja apande parachichi. Kukosa tarehe nako kuna gharama yake, na anayeilipa ni mwana.

Linaloniumiza hasa katika kazi yangu ni kile kipindi baina ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza. Jirani yangu alingoja miezi 14. Aliuza ng'ombe wawili, kisha akakopa kwa wanawe, na alipopata kiinua mgongo chake sehemu kubwa ilikuwa ya wadai. Kilichomtesa mtu huyu si umri; ni karatasi zilizozunguka kutoka meza hata meza. Tangu Januari 2021 sisi tuliokuwa chini ya miaka 45 tuliingizwa katika mfuko mpya wa kuchangia: tulianza kukatwa asilimia 2 ya mshahara, kisha 5, sasa ni 7.5, na Serikali hutia 15. Karani mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 30,000 hukatwa 2,250, na Serikali huongeza 4,500. Makato hayo yananuniwa kila mwisho wa mwezi, lakini heri fedha zenye jina langu kuliko ahadi.

Ama wale waliobaki katika utaratibu wa zamani, nashauri hivi: barua ya kustaafu itaje tarehe mbili, siku ya kuacha kazi na siku ya kulipwa pensheni ya kwanza. Ofisi isiyoweza kuitaja ile ya pili iendelee kumlipa mtumishi mshahara wake mpaka iweze.