Pichola Ilipokauka

Nilipokwenda kusoma Udaipur, Rajasthan, mwanzoni mwa miaka ya 2000, niliukuta mji umelia ukame miaka kadhaa mfululizo. Pichola, ziwa lililotengenezwa na watu zaidi ya miaka 600 iliyopita, lilikuwa uwanja. Udongo ulipasuka, kisha nyasi zikaota. Nyati wa maziwa wakachungwa humo na vijana wakacheza kriketi hadi magharibi.

Katikati ya uwanja huo lilisimama Jag Niwas, kasri jeupe la marumaru alilojenga Maharana Jagat Singh wa Pili katika miaka ya 1740 kwa starehe zake. Tangu miaka ya 1960 ni hoteli. Wageni waliolipa pesa nyingi wavushwe kwa boti walipelekwa kwa gari. Sisi tulitembea kwa miguu hadi chini ya kuta, tukaona mistari ya maji ya zamani ilivyolitia jiwe weusi, mmoja juu ya mwingine. Mlinzi akatufukuza kwa upole. Jioni, migahawa ilionyesha Octopussy, filamu ya James Bond ya 1983 iliyopigwa humo humo, na watu wakatazama ziwa lao likiwa limejaa.

Mvua kubwa za 2005 na 2006 zikalirudisha. Niliporudi juzijuzi nilikuta foleni ya boti, na kwenye ngazi za Gangaur Ghat maharusi wanapigwa picha wakiwa na magauni yanayoburura hadi majini. Kasri Kuu la mji, ambalo sehemu yake ni makumbusho tangu 1969, lilifurika watu. Humo ndani, mbele ya tausi wa vioo wa ua wa Mor Chowk, ilinibidi nichungulie kati ya simu zilizoinuliwa.

Hekalu la Jagdish, la 1651, ndilo nililolitambua mara moja. Unavua viatu, unapanda ngazi kali kati ya tembo wa mawe, na ndani kina mama wazee wameketi sakafuni wanaimba na kupiga matoazi, hawajali nani ameingia. Kiingilio hakuna.

Muuza chai aliyekuwa akitukopesha enzi zile bado yupo. Amelikanyaga ziwa zima, akaniambia, ila hotelini hajawahi kuingia. Alipotaja bei ya usiku mmoja pale, benchi zima lilicheka.